Rubona, Maji Moto na Maradhi Yasiyouma

Kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, nchini Rwanda, barabara inayofuata ufuo wa Ziwa Kivu inapita kiwanda cha bia, inazunguka ghuba iliyojaa mitumbwi, kisha inafika Rubona, mahali ambapo ardhi inatoa maji ya moto. Hayaruki juu wala hayangurumi. Yanachuruzika kati ya mawe na mchanga, yanafuka mvuke mwembamba asubuhi za baridi, yanajikusanya kwenye vidimbwi, halafu yanateremka taratibu hadi yakutane na maji baridi ya ziwa. Wenyeji huyaita amashyuza. Viazi vikizamishwa karibu na chemchemi huiva bila kuni. Wanaume hukunja suruali hadi magotini, akina mama hupandisha vitenge, kila mmoja akajitafutia jiwe lake la kuketi. Vijana wa hapo hukanda migongo kwa ujira mdogo. Mmoja kaleta kiuno, mwingine kaleta goti, wa tatu kaleta mguu uliovunjika miaka ile na ambao huanza kuuma kabla mvua haijanyesha. Bega lililobeba makapu ya viazi tangu ujanani linamwagiwa maji kwa kikombe cha plastiki, polepole, hadi mwenye bega anafumba macho na kushusha pumzi.

Watu wasiojuana huambiana pale habari ambazo nyumbani hawazisemi. Mwili ukishaingia kwenye maji ya vuguvugu, ulimi nao hulegea. Huyu anaeleza usingizi uliopotea, yule anataja ganzi ya vidole, mwingine anasimulia shangazi aliyeanguka jikoni akazinduka mdomo umepinda. Anayeketi hapo na kusikiliza anapata picha ya afya ya familia nyingi kwa mkupuo, familia za wavuvi, za wakulima wa vilima vya Nyamyumba, za wachuuzi wanaovuka mpaka kwenda Goma, upande wa Kongo, na kurudi jioni.

Joto lenyewe halina siri kubwa. Mvua inayonyesha kwenye milima ya ukingo wa Bonde la Ufa la magharibi huzama katika nyufa za miamba, hushuka hadi kwenye kina chenye joto, kisha maji hupanda tena na kutokea ufuoni. Yakigusa ngozi, mishipa midogo ya damu hutanuka, misuli iliyojikaza hulegea, na goti ambalo gegedu yake imechakaa hukunjika bila kilio kwa saa kadhaa. Rwanda ni nchi ya vilima, na goti la Mnyarwanda wa miaka sitini limepanda na kushuka zaidi ya magoti mengi duniani, mara nyingi mzigo ukiwa kichwani. Unafuu anaoupata mzee huyo ni wa kweli. Mtaalamu wa viungo anayemwekea mgonjwa kitambaa cha maji ya moto mgongoni anafanya kazi ileile, tofauti ni chumba na malipo. Anayewabeza wazee wa amashyuza kwa kusema wanafuata imani za kale hajui anachokisema.

Waswahili husema maji ya moto hayachomi nyumba. Nyumba, sawa. Nyayo za mtu mwenye kisukari ni jambo jingine. Sukari iliyozidi katika damu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia mbali, kwenye vidole vya miguu, na kupanda taratibu. Mtu huyo anaweza kutia mguu kwenye maji yanayoivisha kiazi na asihisi kitu. Anaona tu malengelenge jioni, kisha kidonda, kisha wiki zinapita na kidonda hakifungi kwa sababu damu haifiki vizuri na vijidudu vinaipenda sukari. Miguu mingi inayokatwa hospitalini kwa sababu ya kisukari ilianza na jeraha dogo ambalo mwenyewe hakulisikia. Ndiyo maana wauguzi humsihi mgonjwa wa sukari apime joto la maji kwa kiwiko, au amwombe mtu mwingine amjaribie, na kila jioni akague nyayo zake, hata katikati ya vidole. Mwenye presha naye anatahadharishwa: joto hutanua mishipa, presha hushuka akiwa majini, na akisimama ghafla kizunguzungu kinaweza kumwangusha penye mawe. Mjamzito, hasa katika miezi ya kwanza, heri anawe miguu tu na asijizamishe mwili mzima hadi damu ipate joto kupita kiasi.

Hapo ndipo chemchemi ya Rubona inapoanza kuuliza swali gumu. Kinachowaleta watu pale ni maumivu. Goti linalouma lina mdomo, linadai, linamwamsha mtu usiku na kumtoa nyumbani asubuhi. Lakini mwili wa binadamu umejaa mambo yasiyouma, na katika familia nyingi za leo ndiyo yanayoua na kulemaza. Nani ataamka alfajiri, alipe nauli, avue viatu na kuketi juu ya jiwe kwa ajili ya kitu ambacho hakimsumbui?

Watu wa pande hizi hawakuhitaji kufundishwa na daktari kwamba kinachoua kinaweza kuwa kimya. Kwenye ufuo wa kaskazini wa Kivu, hasa magharibi mwa Goma, kuna mabonde madogo na mashimo ambamo gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama. Wanaiita mazuku. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini, na hukolea usiku na alfajiri kabla upepo na jua havijaitawanya. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama, kichwa chake kikiwa juu ya gesi, na asijue kwamba amekatiza penye kifo. Mbuzi aliyeinama kula majani huanguka. Mbwa huanguka. Mtoto aliyetumwa kuni huanguka, kwa sababu pua yake iko chini. Wazazi wa huko huwaonyesha watoto mahali pa kukwepa, nyanya humwonyesha mjukuu, na maarifa hayo yameokoa wengi. Ni maarifa ya kitu kisichoonekana, na wameyapata kwa kuhesabu waliokufa.

Presha ya damu ni mazuku ya ndani ya mwili. Moyo unasukuma damu, kuta za mishipa zinapokea msukumo, na msukumo ukizidi kwa miaka kuta hukakamaa, figo huchakaa, moyo hunenepa misuli kwa kazi ya ziada, na siku moja mshipa wa kichwani huziba au kupasuka. Kabla ya siku hiyo mtu analima, anacheza harusini, anabishana sokoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu, na karibu nusu yao hawakujua. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Rwanda mwaka 2012 na 2013 ulikuta takriban asilimia 15 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 wana presha ya juu. Wengi huamini kwamba presha ina dalili zake, kichwa kugonga au moyo kwenda mbio, na kwa kuwa kichwa hakigongi wanajihesabu wazima. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema, lakini mvua hii hunyesha mbingu zikiwa safi. Shangazi aliyeanguka jikoni hakupuuza dalili yoyote. Hakuipata.

Kuna methali nyingine inayopendwa kwenye mabango ya afya: mficha maradhi kifo humuumbua. Ni ya haki kwa mtu aliyeona uvimbe akaufunika kwa kanga. Kwa mwenye presha na kwa mwenye sukari changa inamwonea, kwa sababu hajaficha kitu; maradhi ndiyo yamejificha ndani yake. Wanyarwanda wana msemo wao, amagara araseseka ntayorwa, kwamba uhai ukishamwagika hauzoleki. Ni ndugu wa ule wa Kiswahili wa maji yaliyomwagika. Aliyepooza upande mmoja anaweza kufundishwa upya kushika kijiko, na familia ikiwa na subira ataweza hata kutembea, lakini sehemu ya ubongo iliyokosa damu kwa saa kadhaa hairudi. Dakika zinahesabika. Uso ukilegea upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakitoka yamevurugika, mtu apelekwe hospitali saa ileile, wala pasipotezwe jioni nzima kumtafuta aliyemroga.

Nyumbani, chanzo mara nyingi kimo kwenye sufuria. Kikulacho ki nguoni mwako. Chumvi inayoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo imo ile iliyofichwa ndani ya vidonge vya kuungia mchuzi, ndani ya mkate na ndani ya samaki waliokaushwa kwa chumvi. Kuna akina mama wa Gisenyi wanaopika maharagwe kwa kitunguu, seleri na nyanya hadi yanajitosheleza, wakatia chumvi mwishoni kidogo sana. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Bia nayo haina budi kutajwa, na kuitaja hapa Rubona kunahitaji moyo, kwa maana kiwanda kilichoanza miaka ya 1950 kimewapa watu kazi vizazi kwa vizazi na chupa zake ziko kwenye kila posa na kila msiba. Hata hivyo pombe ya kila siku hupandisha presha, na mwanamume anayemeza vidonge asubuhi na chupa tatu jioni anavuta kamba pande zote mbili.

Kisha kuna jambo lisiloumiza kuliko yote, na ufuo wa Rubona unalisema bila kukusudia kila asubuhi, mitumbwi inaporudi na sambaza.

Samaki hawa wadogo wanaong'aa hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu yalikuwa na viumbe vidogo tele vya kulisha samaki na hapakuwa na samaki wa kuvila. Wakazaliana, wakawa riziki ya ziwa zima, Rwanda na Kongo. Sambaza huliwa mzima, kichwa, mifupa na matumbo, na humo ndani mna protini, kalisi, chuma na zinki, vitu vilevile ambavyo mwili wa mtoto anayejenga mfupa na ubongo unavililia. Akikaushwa juani na kutwangwa, anakuwa unga unaomwagwa kijiko kimoja kwenye uji na usibadilishe sana ladha. Wilaya ya Rubavu, ambamo mna Gisenyi na Rubona, ina samaki hao, ina viazi vya udongo wa volkano, ina maharagwe, ina maziwa yanayoshuka kutoka malisho ya Gishwati. Na bado uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2019-20 ulikuta takriban watoto 40 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wilayani humo wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 33. Nchi ilikuwa imeshuka kutoka 44 mwaka 2010 na 38 mwaka 2015, kazi kubwa inayostahili heshima, lakini ukanda huu wenye rutuba ulibaki nyuma. Chakula kinapita. Beseni la sambaza linatoka ufuoni, linapandishwa kwenye pikipiki, linafika sokoni Gisenyi au linavuka mpaka kwenda Goma kwenye walaji wengi na bei nzuri, na mtoto wa aliyelibeba amekunywa uji mweupe. Hakuna haja ya kumlaumu mama huyo. Samaki ndio sabuni, ndio daftari, ndio bima ya afya ya watu sita. Lakini kiganja kimoja kinachobaki nyumbani kila siku hakiangushi biashara, na kwa mtoto aliyeanza kula baada ya miezi sita ya maziwa ya mama matupu kinatosha kubadili mambo. Kila mwaka uvuvi wa sambaza hufungwa kwa miezi miwili hivi ili samaki wazaliane. Nyumba iliyoweka mkebe wa unga wake mapema haina sababu ya kumfungia na mtoto.

Kudumaa hakuumi. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, anakimbiza tairi. Na mama hauoni ufupi wake, kwa sababu anamlinganisha na watoto wa jirani, na watoto wa jirani nao ni wafupi. Kijiji kizima kinaweza kushuka sentimita kadhaa na jicho likaendelea kuona kila kitu kiko sawa. Utapiamlo wa namna hii huletwa na sahani ya aina moja ya chakula, na kuhara kunakorudi kila mwezi, na minyoo, na mama aliyekuwa na upungufu wa damu akiwa mjamzito. Unajengeka ndani ya siku elfu moja za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mwaka wa pili kutimia, na baada ya hapo kuurudisha ni kazi ngumu mno. Unaonekana baadaye sana, darasani, kwenye hesabu isiyoingia kichwani, na mwalimu anasema mtoto ni mvivu.

Kwa hiyo pale jicho linaposhindwa, kipimo huitwa. Katika vijiji vya Rwanda kazi hiyo imeangukia mikononi mwa abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao, utaratibu ulioanza 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari, nchi ikiwa imebaki na madaktari wa kuhesabika. Siku ya kupima watoto, mkeka wa kupimia urefu hutandikwa penye sakafu iliyonyooka. Mtoto hulazwa, mama anashika kichwa kikiwa kimegusa mwanzo wa mkeka, mshauri ananyoosha magoti kwa kiganja na kubana nyayo. Mtoto analia, anapiga teke, wanaanza upya. Kisha unakuja utepe wa plastiki wenye rangi tatu, unaozungushwa kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma zaidi ya sentimita 12.5, rangi ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, na mama anaitwa pembeni waongee kuhusu chakula. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na safari ya kituo cha afya haingoji kesho. Mshauri hubonyeza pia juu ya nyayo kwa kidole gumba. Alama ikibaki kama shimo, mwili unahifadhi maji na hatari ni kubwa hata kama utepe ulionyesha kijani. Akiletewa mtoto anayekohoa, anafunua shati na kuhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, bila kukatisha. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, humaanisha nimonia inashukiwa na dawa ianze. Akiletewa anayeharisha, anampa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki vya siku 10, na kumkumbusha mama aendelee kunyonyesha.

Inapendeza kuwatazama wakifanya hivyo. Hawana koti jeupe. Wengi ni wakulima, mikono imechubuka kwa jembe, na daftari la watoto wa kijiji wameliandika kwa herufi za kujitahidi. Lakini yule mtoto wa rangi ya njano anaonekana mapema, kwa sababu mtu alikwenda kumtafuta alipokuwa hajalalamika.

Upande wa watu wazima mambo ni mazito zaidi. Rwanda ilijaribu bima ya jamii katika wilaya chache mwaka 1999, ikaieneza nchi nzima miaka iliyofuata, na leo bima hiyo, mituweli, ni sehemu ya maisha. Nyumba yenye watu sita hutafuta mchango wa kila kichwa kila mwaka, na wapo wanaoukusanya kidogokidogo kwenye vikundi vya akiba. Bima hiyo imewatoa watu kwenye aibu ya kuuza ng'ombe ili mke ajifungue salama. Inafungua mlango wa kituo cha afya, lakini mtu hupita mlangoni akiwa na sababu, na sababu anayoijua ni maumivu. Kigali walibuni njia nyingine mwaka 2016, siku ya barabara kuu kufungwa magari ili watu wakimbie na kutembea, na mwishoni mwa matembezi wakutane na meza za wauguzi wa kupima presha na sukari bure. Ni wazo zuri kwa sababu halimngoji mgonjwa. Mtu amekuja kukimbia na wenzake, akarudi nyumbani na nambari.

Gisenyi yenyewe inajua vizuri kupima watu ambao hawaumwi. Mwezi Julai 2019, Ebola ilipothibitishwa Goma, ng'ambo ya barabara tu, kila aliyevuka kwenye kituo kidogo cha mpakani alinawa mikono na kuelekezewa kipimajoto, na wanaovuka pale walikuwa makumi ya maelfu kwa siku. Wachuuzi wa nyanya walisimama foleni, wakanyoosha viganja penye maji yenye klorini, wakapita. Mtu hakuhitaji maelezo marefu ya kwa nini anapimwa ilhali ni mzima, kwa maana hofu ilikuwa imeeleweka. Ebola haikuingia Rwanda katika mlipuko ule. Tena mikono iliyozoea kunawa huzuia pia kuhara kwa watoto. Jamii inayoweza kufanya hivyo kwa ugonjwa wa kutisha inaweza pia kufanya hivyo kwa ugonjwa mpole, ikishaamini kwamba upole wake ni wa nje tu.

Moshi wa jikoni ni mfano wa mwisho wa upole huo. Katika maji ya kina cha Kivu kuna hazina kubwa ya gesi ya methani, na ufuoni hapohapo Rubona mtambo wa majaribio uliivuta na kuigeuza umeme. Juu kidogo, kwenye vilima, maharagwe bado huchemka kwa saa tatu juu ya kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi huwasha macho siku za kwanza, baadaye macho yanazoea na mama anasema hausikii tena. Mapafu hayakuzoea. Kichanga aliyebebwa mgongoni anavuta moshi uleule, na nimonia humpata kwa urahisi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema na kupunguza kuni; jiko likitolewa nje wakati wa kiangazi, au likitobolewa tundu kubwa karibu na paa, moshi hupungua sana, na gharama yake ni jasho la asubuhi moja.

Wanaobaki nje ya hesabu zote hizi ni wavuvi wenyewe. Jioni hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa magogo, milingoti mirefu imechomoza mbele na nyuma, na huondoka ghubani wakiimba kwa mapigo ya makasia. Usiku huwasha taa ili kuwavuta sambaza, hula kinachopatikana, hulala kwa zamu au hawalali. Alfajiri hurudi. Kituo cha afya kinapofungua mlango, wao wanafunga macho. Mshauri wa afya anapopita na daftari, anamkuta mke na watoto, na baba amejifunika blanketi. Ni wanaume wenye mabega mapana na vifua vilivyojengeka, na hakuna anayewashuku kuwa na maradhi, wao wakiwa wa kwanza kutojishuku. Kukosa usingizi kwa miaka hupandisha presha, na mtu wa miaka arobaini mwenye misuli hiyo anaweza kuwa na 170 kwa 110 na akavuta nyavu vizuri tu.

Ikiwa hawawezi kukifikia kipimo, kipimo kinaweza kuwafuata penye mizani ya samaki, saa ile beseni zinapopangwa na wachuuzi wanabishania bei. Inahitajika meza, kiti chenye mgongo, mashine moja na mtu aliyefunzwa. Aliyetoka kuvuta nyavu usiku kucha asipimwe papo hapo, maana mapigo yake bado yako ziwani na nambari itadanganya. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na asiwe ameongea wala kuvuta sigara muda mfupi kabla. Apimwe mara mbili kwa kuachanisha dakika moja au mbili. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, haitoshi bado kumwita mgonjwa. Nambari iandikwe kwenye kijikaratasi chake na aambiwe arudi siku nyingine, ikiwezekana asubuhi baada ya usiku wa mbalamwezi kali, wakati taa haziwadanganyi samaki, mitumbwi haitoki, na yeye amelala vya kutosha.